Kinu Kilichovaa Sare

Mji huu haumwoni mtu. Unaona kitambaa. Nimeishi ndani yake muda ambao siwezi kuueleza, maana huku siku haiishi mpaka wajumbe wa vyama wakubaliane kwamba imekwisha, na wajumbe hawajawahi kukubaliana upesi. Basi kuna Alhamisi moja ambayo nilioa ndani yake, nikanyoa ndevu, zikaota tena, na bado ilikuwa Alhamisi. Hilo la siku nimelizoea. Lisilozoeleka ni hilo la kitambaa. Pita barabarani na shati lako la kawaida uone: watu watakujia usoni moja kwa moja kana kwamba wewe ni upepo, na wewe ndiye utakayeruka mtaroni. Vaa sare ya chama, hata kama uso wako ni wa beberu, utasikia "Karibu ndugu yetu" kutoka kila baraza.

Chama changu kinaitwa Waliofika. Usiniulize walifika wapi. Swali hilo niliwahi kuliuliza mkutanoni, na Mwenyekiti, Bwana Mkadam, akanitazama kwa ile huruma anayotazamwa nayo mgonjwa, akasema, "Ndugu Feruzi, aliyefika haulizi." Wakapiga makofi. Sare yetu ni kitenge cha kijani chenye konokono weupe, wanaume mashati, wanawake magauni. Tukikutana tunaingia kwenye ukumbi usio na paa, tunakaa, tunasimama, tunakaa tena, tunathibitisha kwamba tumekutana, tunatawanyika. Hiyo ndiyo kazi. Sijawahi kuona watu wanaochoka namna ile kwa kufanya kitu kidogo namna ile. Wanatoka pale wakijifuta jasho na kupeana pole.

Huyo Mkadam nilimjua kabla hajavaa. Alikuwa mtu mnyonge, anayeomba radhi akikanyagwa yeye, sauti yake iko puani, na kitu pekee alichokuwa nacho duniani kilichokuwa chake mwenyewe kilikuwa pilipili. Alikula pilipili mbichi kama wengine wanavyokula karanga, machozi yanamtoka na huku anacheka. Nilimpenda siku hizo. Basi akavaa konokono. Sauti ikashuka kutoka puani ikaenda kukaa tumboni. Halafu mkutano mmoja ukapitisha kwamba Waliofika hawali pilipili, kwamba pilipili ni chakula cha Wanaokuja, chama cha ng'ambo ya barabara ambacho hatukipendi kwa sababu nacho hakitupendi. Nilidhani Mkadam atakula kwa siri, kama binadamu. Wapi! Haukupita muda akaonja mchuzi uliotiwa kipande kimoja tu, ulimi ukamwungua kweli, midomo ikamvimba, akalazwa. Hakuwa akiigiza, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu mpaka leo. Walimng'oa kitu kutoka kwenye ulimi wake mwenyewe, naye hakukumbuka kwamba kiliwahi kuwepo. Nilipomkumbusha, alisema ninamchanganya na mtu mwingine.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililoniharibia usingizi. Ikiwa ulimi wa mtu unaweza kuwa wa kuazima, ni kipi ndani yangu ambacho si cha kuazima? Nikaanza kujipekua. Nilipokuwa kwenye chama cha Wenye Haraka, kabla ya hiki, nilitembea mbio hata ndotoni, niliitwa kwa jina jingine, na mkono wangu wa kulia chakula ulikuwa hauna utulivu. Nilipohamia kwa Waliosoma nilipata kikohozi cha heshima, kile cha mtu anayetaka kusema jambo zito, na kikohozi hicho kilipona siku ileile niliyowarudishia joho lao. Sasa naitwa Feruzi, natembea taratibu, sikohoi. Nani alikuwa anakohoa? Si mimi. Lakini kifua kilichouma kilikuwa hiki hapa. Joho, basi. Joho halina kifua. Nilikesha na upuuzi huo, najigeuza kitandani, na Siwatu mke wangu ananiambia nilale au niondoke nikafikirie uani pamoja na kuku.

Nikapata jibu, au nilidhani nimelipata. Dharau. Nilipopita kwa Wenye Haraka niliwadharau, nilipokaa na Waliosoma niliwadharau, na sasa kila Mkadam anapomaliza sentensi yake nzito isiyo na kitu ndani, mimi kule mstari wa nyuma nasonya. Msonyo mrefu, mkavu, wa kutoka kwenye meno ya nyuma. Wao hujitia hawakusikia. Nikajiambia, hicho ndicho mimi. Nguo wamenivisha wao, jina wamenipa wao, hatua zangu wamezipima wao, lakini msonyo huu hakuna aliyeupitisha mkutanoni. Niliupenda kama mtu anavyopenda pesa aliyoificha kwenye godoro. Nikautunza.

Basi nikachoka na mikutano yao. Lakini katika mji huu asiyehudhuria hufifia. Nimewaona waliofifia: unasikia mtu anakohoa kwenye benchi tupu, unakalia magoti ya mtu bila kujua. Sikutaka kufifia na sikutaka kwenda. Siwatu alinikuta jikoni nimekalisha kinu chake juu ya kigoda, nakivisha shati langu la konokono, nakifunga vifungo kimoja kimoja.

"Unafanya nini na kinu changu?"

"Kinakwenda mkutanoni."

"Na kisamvu nitwangie wapi? Kichwani kwako?"

"Siwatu, hebu kitazame. Kina tofauti gani na wao?"

Hakukitazama. Alikuwa na mimba kubwa, amejishika kiuno kwa mikono miwili, na jasho limemkaa juu ya mdomo. "Mume wangu," alisema, "mtoto huyu yuko karibu. Hao unaowacheka ndio watakaosimama mlangoni. Desturi unaijua."

Niliijua. Kwetu baba haingii kumwona mwanawe kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto akizaliwa, mkunga hutoka naye mpaka kizingitini akauliza, "Baba ni nani?" Chama cha baba kinamwonyesha kwa mkono, na huyo anayeonyeshwa ndiye baba, hakuna rufaa. Kisha mkunga anauliza, "Mtoto ni wa nani?" na baba anajibu, "Wetu." Ndipo anapokabidhiwa. Asiyeonyeshwa, au anayejibu vingine, hufungiwa mlango, na mlango huo haufunguliwi tena. Neno hilo "wetu" lilikuwa likinikera hata kabla sijaoa. Lakini sikuona pa kuhofia. Wamwonyeshe nani mwingine? Nikambeba yule bwana kinu begani, nikamkalisha mstari wa nyuma kwenye kiti changu, nikajificha nyuma ya ukuta wa ukumbi nione.

Waliingia mmoja mmoja, wakakisalimia. Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye kigelegele cha kupasua masikio, ambaye hupiga vigelegele hata ikitangazwa kwamba mkutano umeahirishwa, alikipigapiga begani akasema, "Feruzi leo kapendeza." Mkadam alihutubia. Kinu kilisikiliza. Alipomaliza, akakinyooshea mkono: "Mtazameni Ndugu Feruzi. Ametulia. Haropoki. Huyu sasa amefika kwelikweli." Wakakichagua kuwa mshauri wa chama. Walipokiomba ushauri, kilinyamaza, na wakatikisa vichwa kwa kuridhika kwamba kuna mambo ambayo mtu mwenye hekima hayasemi hadharani. Nilicheka pale nyuma ya ukuta mpaka mbavu zikaniuma. Nilikimbilia nyumbani kumsimulia Siwatu, nikimwigiza Mkadam, nikimwigiza Bi Mashavu, nikikiigiza kinu. Aliendelea kuchambua mchele.

Kinu nikakiacha kulekule kitini, zikafuata nyakati zangu za ufalme. Nilikaa uani na shati langu jeupe la zamani, sina konokono mwilini, sina mkutano, niko mimi na dharau yangu, na dharau ilinona. Niliwadharau asubuhi kwa ujumla na jioni kwa majina. Kweli, mambo madogo yalianza kuharibika. Muuza maji alinimwagia miguuni akiosha madumu yake. Dukani nilisimama mbele ya kaunta nikiita mpaka koo likakauka, wakahudumiwa waliokuja nyuma yangu. Basi Siwatu, ambaye gauni lake la konokono lilikuwa bado linamtosha kwa shida, ndiye aliyekwenda dukani, ndiye aliyebeba unga, ndiye aliyerudi na mafuta ya taa mkono wa pili, tumbo mbele. Mimi nilimpokea mlangoni na kumweleza jinsi watu wote walivyo mazuzu. Siku moja aliweka mzigo chini, akaniuliza taratibu, "Hao wote unaowasema, mimi umenihesabu humo au sijahesabiwa?" Nilimwambia asichukulie mambo kibinafsi. Aliingia ndani.

Uchungu ulimshika mchana, jua likiwa utosini, na likabaki hapohapo. Mkunga aliyekuja alikuwa Bi Mashavu, kwani mji huu hauna mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama uani mikono kichwani. Akanipita bila salamu, akatafuta mahali pa kutundika kanga yake, akaitundika begani kwangu kama mtu anavyotundika kitu kwenye msumari, akaingia. Nilisimama na kanga ya mtu begani, nikimsikia mke wangu analia ndani, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Niliogopa sana. Na hakuna aliyekuwa anamwona aliyeogopa.

Kisha kukawa kimya ndani. Si kilio cha mama, si kilio cha mtoto. Na hapo ndipo nilipowasikia wanakuja, Waliofika, kijani kitupu barabara nzima, wanaimba ule wimbo wao usio na maneno, na mbele yao vijana wanne wamekibeba kinu changu mabegani kama bwana harusi. Walikitua mbele ya mlango wangu. Wakakinyoosha kola.

Bi Mashavu akatokea kizingitini na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha shuka. Aliita: "Baba ni nani?"

"Huyu hapa!" wakajibu, mikono yote ikakionyesha kinu.

"Hapana!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Mimi hapa!"

Mkadam akageuka, akakodoa macho kama mtu anayetafuta nzi. "Nani huyo anasema?"

"Mimi. Feruzi."

"Bwana mpita njia," alisema kwa upole, "Feruzi ni huyu. Tumekuwa naye mikutano yote. Tafadhali usizuie mlango, leo tuna furaha."

"Hicho ni kinu, Mkadam! Ni cha mti! Kigonge usikie!"

"Ndugu Feruzi ni mtu imara, hilo tunalijua."

"Mimi ndiye niliyekujua unakula pilipili mbichi! Hukumbuki? Ulikuwa unacheka huku machozi yanakutoka!"

Kitu kilimpita usoni, nadhani, kama kivuli cha ndege. Ulimi ulilamba kona ya mdomo. Halafu akasema, "Unanichanganya na mtu mwingine."

Nikakimbilia dirishani. "Siwatu! Waambie! Waambie mimi ni nani!"

Sauti yake ilikuja ndogo, ya chini. "Waambie wewe. Mimi nimechoka, Feruzi. Umesema siku zote kwamba wewe ni wewe, huhitaji mtu. Haya, sema."

Haya. Nikasimama mbele yao kujisema. Mimi ni mwana wa, nikakwama, maana huyo baba naye alikuwa mtu wa chama fulani na mimi nilikuwa wake kwa sababu walinyoosha mikono. Mimi ni mume wa. Hapana, huyo ni Siwatu, nasema mimi. Mimi ni Feruzi. Jina walinipa siku ya kuvaa. Mimi ni yule aliyetoka kwa Waliosoma. Mimi si kama ninyi. Ninyi nani? Ninyi hao. Mimi ni yule anayewadharau ninyi. Waondoe ninyi, nitamdharau nani? Mimi ni yule. Yule ni. Nilifungua mdomo na kuufunga, na kila mlango niliofungua ndani yangu nilimkuta mtu mwingine amekaa, amevaa sare, ananikaribisha. Nilijionea aibu, na niliwachukia zaidi kwa kunifanya niione.

Wakaacha kunisikiliza. Bi Mashavu alikuwa ameshapiga hatua moja kutoka kizingitini, na nikaona anakokwenda: mdomo wa kinu ulikuwa wazi juu ya kola, mweusi, bado una majani ya kisamvu pembeni, naye alikuwa anainama na mwanangu mikononi kumlaza mle. Nilijirusha. Wakanipitia. Nilisukumwa na mgongo wa huyu na nyonga za yule, bila ubaya wowote, nikaangukia ukutani. Na Mkadam, kama kawaida yake, akaona hapo ndipo pa kuhutubia. Akajaza tumbo upepo.

"Ndugu zangu Waliofika," alisema, "leo, kama jana, na kama leo, tumefika."

Naapa sikukusudia. Nilikuwa nimelala chini na vumbi mdomoni, roho juu, mwanangu amebakiza kiganja kimoja kuingia kinuni. Lakini sentensi ile ilipoisha, mdomo wangu ulifanya ulichokizoea. Nilisonya. Msonyo mrefu, mkavu, wa kutoka kwenye meno ya nyuma.

Bi Mashavu akasimama palepale alipoinama.

"Nani kasonya?"

Wakatazama kinu.

"Kinu hakisonyi," alisema Bi Mashavu. Ndiyo, alikiita kinu. Akainuka, akamkumbatia mtoto kifuani. "Feruzi wetu ndiye anayesonya! Mikutano yote hii najiuliza ni kitu gani kimepungua. Mwenyekiti anamaliza, halafu kimya, na mimi kigelegele changu kinakwama kooni, sijui nianzie wapi. Yuko wapi? Yuko wapi msonyaji wetu?"

Na wakaniona. Nilihisi macho yao yananitua mwilini moja baada ya jingine, mazito. "Ee, ndiye!" walisema. "Ndiye, mdharau wetu!" Mkadam mwenyewe alinipa mkono kuniinua. "Ulikuwa wapi, ndugu? Kila chama kina msonyaji wake. Wanaokuja wana wao, tena mrefu, ana mwanya. Sisi tulikuwa tunaona haya kukutana bila wewe."

Walizungumza kwa furaha na hawakujua walichokuwa wananifanyia. Kitu nilichokificha kwenye godoro, walikuwa wakikijua. Walikitengea kiti. Kiti kile cha nyuma hakikuwa kimebaki tupu kwa bahati nilipojiunga nao. Kilikuwa cha kazi hiyo, na kabla yangu kuna mwingine aliyesonya hapo, na walinitajia jina lake. Wakakivua kinu shati, wakanivisha mimi juu ya lile jeupe. Lilinienea. Nilitamani libane hata kidogo kwapani.

"Mtoto ni wa nani?" aliuliza Bi Mashavu.

Wangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Wangu, wangu, mimi ndiye niliyesimama uani na kanga yako begani, mama weeh. Nilimtazama. Alikuwa na uso mdogo uliokunjamana, macho wazi, hajalia hata mara moja, ananiangalia. Nilimpenda palepale. Na mkono wa Bi Mashavu ulikuwa kwenye ubao wa mlango, unangoja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunga pia.

"Sema, Feruzi," Siwatu alisema kutoka ndani. "Sema nilale."

"Wetu," nilisema. Na sauti haikutoka mahali pake pa siku zote. Ilitoka tumboni.

Nikakabidhiwa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na wa moto. Wote walikusanyika, konokono kushoto na kulia, wakinyoosha shingo, na Mkadam akaanza tena kusema kwamba leo mmoja zaidi amefika. Alipomaliza, mtoto alikunja midomo. Nilidhani sasa atalia. Alisonya. Msonyo mdogo, mwembamba, lakini mkavu.

Kigelegele cha Bi Mashavu kilipasua mchana, na jua, ambalo lilikuwa limekwama utosini, likasogea. Watu walishikana mikono, wakacheka, wakalia. Mimi nikautafuta msonyo wangu niwasonyee wote kwa pamoja, kwa machozi yao ya kijinga na konokono wao. Niliutafuta kwenye meno ya nyuma, nikaukosa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.

Kinu kilibaki uani, uchi, hakuna aliyekiona tena. Siwatu akauliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayekaribia kusinzia, mtoto kafanana na nani.

"Na sisi," tulimjibu, sote kwa pamoja, na katika mlio ule sikuweza kuitambua sauti yangu ilikuwa ipi.